Chura Aliyepewa Jina la Mtoto

Jumatano jioni nilitoka jikoni kwenda kuchuma sukuma ya chakula cha usiku. Jua lilikuwa linazama. Nilibeba karai na simu, kwa sababu kwetu Matiliku mtandao hushika vizuri zaidi nyuma ya nyumba.

Bustani iko hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni. Matuta manne ya sukuma, kunde pembeni, mgomba mmoja unaokunywa maji ya bafu, tangi la plastiki la maji ya mvua. Ilikuwa Februari. Mvua ilikuwa imekatika tangu Krismasi, na kila kitu cha kijani katika boma letu kilikuwa hapo.

Ndani ya nyumba kubwa, Mutanu, mke wa ndugu yangu Jonah, alikuwa amelala na mtoto wake. Mtoto wa kiume, aliyezaliwa Jumanne alfajiri. Tulikuwa tumemtoa hospitali mchana huo. Kabla yake Mutanu alikuwa amepoteza mimba tatu. Ya tatu ilitoka ikiwa na miezi saba. Jonah alikuwa Tseikuru, kule kaskazini ya Kitui, na lori la mbuzi. Mimi nilikuwa nimeomba likizo ya wiki mbili kazini Nairobi nije kusaidia.

Niliinama. Nikashika jani la chini. Kitu baridi kikasogea chini ya kidole changu.

Nilirudisha mkono. Chura akaruka kutoka kwenye jani, akatua kwenye nguzo ya ua, akashika mbao kwa vidole vyenye ncha za mviringo. Hakuwa mdogo. Angejaa kiganja. Alipotua alikuwa na rangi ya kijani iliyopauka. Nilimtazama. Kijani kikaondoka kama maji yanavyoingia mchangani. Kabla sijahesabu kumi alikuwa kijivu, na mgongoni mistari ileile ya mbao kuukuu.

Nilimpiga picha. Simu iliandika saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja.

Baba yangu, Mbaluka, alikuwa amefariki Agosti iliyotangulia. Saa kama hiyo alizoea kusimama kwenye nguzo ile, mkono juu yake, akitazama lango la chini. Koo lake lilikuwa likicheza kila akitaka kukohoa. Koo la chura lilikuwa likicheza vivyo hivyo. Nilicheka peke yangu.

"Mzee Mbaluka," nikamwambia, "umekuja kukagua sukuma?"

Jikoni sufuria ikaanguka.

Mama yangu alitokea mlangoni. Sisi watoto tunamwita Mwaitu, kama Wakamba wengi wanavyomwita mama. Jina lake ni Kalondu. Alikuwa na mwiko mkononi, na hakunisogelea.

"Umemwita nani?" alinong'ona.

"Ni chura, Mwaitu. Nilikuwa namtania tu."

"Sijauliza ni nini. Umemwita nani?"

"Mb..."

"Nyamaza! Usirudie."

Tulinyamaza wote wawili. Na katika ukimya ule, chura akaitika.

Haikuwa sauti ya chura niliyoizoea, ya mtoni. Ilikuwa kavu, fupi, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuongea. Mara moja. Kisha harufu ikaja. Ugoro. Baba alivuta ugoro miaka arobaini, na mkebe wake tulimzika nao.

Mwaitu alirudi ndani akafunga mlango. Sukuma hatukula siku hiyo.

*

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, baba wa baba. Lakini hapewi siku anayozaliwa. Siku tatu za kwanza wazee humwita kiimu, yaani roho. Bado ni wa upande ule. Amekuja kama mgeni, na mwenyeji wake anaweza kumwita arudi. Alfajiri ya siku ya nne bibi humpakata, humtamkia jina, na kuanzia hapo ni mtu kama sisi.

Watu wengi siku hizi hawangoji. Mwaitu anaimba kwaya kanisani na sijawahi kumwona akikosa ibada, lakini siku ya nne hajaivunja kwa mjukuu yeyote.

"Hilo jina nilikuwa nimelishika," aliniambia jikoni, taa ya sola kati yetu. "Nililishika tangu tumzike baba yako. Nilikuwa nalipeleka Ijumaa alfajiri kwa mwenyewe. Wewe umelitoa njiani ukampa chura."

"Mwaitu, ni chura wa bustani."

"Aliitika."

"Vyura hulia."

"Nzilani. Umesoma, umetangaza habari redioni, sawa. Uliwahi kusikia chura analia mara moja tu?"

"Baba hawezi kumdhuru mjukuu wake," nikasema.

"Wa upande ule hawana ubaya. Wana haraka tu. Ukiwaonyesha mlango, wanaingia." Akainuka. "Mutanu asijue."

*

Alhamisi saa sita na nusu mchana nilikwenda kuchota maji kwenye tangi. Jua lilikuwa utosini. Chura alikuwa juu ya mfuniko, mahali ambapo plastiki ilikuwa ya moto kiasi cha kutoguswa. Amekunja miguu, amefumba macho.

Alikuwa mweupe. Mweupe wa chokaa. Hakuwa na mstari wala doa.

Nilirudi ndani na ndoo. Mutanu alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, na nilijua kabla hajainua uso kwamba kuna jambo.

"Wifi, hebu mwangalie. Hanyonyi. Na midomo yake..."

Midomo ya mtoto ilikuwa nyeupe. Nilifungua viganja vyake. Vyeupe. Kucha nyeupe. Alikuwa anapumua, macho wazi, kimya. Tangu jana jioni hakuwa amelia hata mara moja. Tulikuwa tumemsifu kwa hilo.

Mwaitu alisimama mlangoni, akatazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

Nilitoka nje nikampigia Ben. Ben ni mtafiti wa wanyama niliyewahi kumhoji kuhusu ukame, mtu wa maneno machache. Nilimtumia picha mbili, ya jioni na ya mchana.

"Huyo ni chura wa mitini," akasema. "Wako wengi huko kwenu. Jua likiwa kali anageuka mweupe, anarudisha joto, hakauki. Jioni anarudi kijivu. Hakuna ajabu."

"Na analia vipi?"

"Taratibu. Kama mbao mbili zinasuguana. Umepata habari gani huko, ya vyura?"

"Niko likizo."

"Basi pumzika."

Nilirudi ndani nimepata nafuu. Kila kitu kilikuwa na maelezo. Nilimfunika mtoto blanketi la pili, na midomo ikaanza kupata damu kidogo. Nikajiambia: alikuwa na baridi, basi.

Saa tisa Mutanu aliniita tena. Hakuita kwa sauti. Alikuja hadi jikoni, mtoto mikononi, akamweka chini ya dirisha penye mwanga.

Alikuwa manjano. Uso, kifua, weupe wa macho.

Sikutaka kwenda bustanini. Nilikwenda.

Chura alikuwa amerudi kwenye nguzo. Mbao ilikuwa ya kijivu kama siku zote. Juu yake yeye alikuwa manjano, manjano ya ndani ya embe lililoiva, hana haja ya kujificha. Macho yake yalikuwa wazi. Yalikuwa yanatazama dirisha la jikoni.

Nilipiga picha. Nilimtumia Ben. 

"Rangi hiyo hawana," aliandika. Kisha: "Labda ni simu yako."

*

Kliniki ya Matiliku ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Abdiya, mama wa Garissa ambaye ameishi kwetu hadi Kikamba chake kinatushinda sisi. Alimvua mtoto, akambonyeza pua kwa kidole, akatazama ngozi ikirudi.

"Manjano ya watoto wachanga," akasema. "Leo ni siku ya tatu, ndiyo wakati wake. Nimeona mia. Anyonye kila baada ya saa mbili, hata kama amelala mwamshe. Jua la asubuhi kidogo. Asiponyonya mpaka kesho asubuhi, msije hapa, nendeni hospitali ya Wote moja kwa moja wamweke chini ya taa."

"Mchana alikuwa mweupe," Mutanu akasema.

"Alipoa. Mlimwacha na fulana moja?"

"Ndiyo."

"Basi. Mama, usiniogopeshe mtoto. Jina lake nani niandike?"

Mutanu akafungua mdomo. Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Andika tu mtoto wa Mutanu," nikasema.

Sista Abdiya alinitazama, akaandika. Njiani, kwenye mti wa lango la chini, Mutanu alisimama.

"Wifi, kwa nini umenishika mkono?"

Hakuwa na haja ya jibu langu. Tulipozunguka nyumba tulimkuta Mwaitu bustanini, amekaa kwenye kigoda mbele ya nguzo, kitambaa cha kichwa amekivua na kukishika magotini kama mtu aliye mbele ya mume wake.

"Baba Jonah," alikuwa anasema, polepole. "Si wewe ulikuwa unamtaka huyu mtoto? Si uliniambia hospitali, ukiwa na ile mipira puani, kwamba hujaona mjukuu kutoka kwa Jonah? Basi mwache tumwone sisi. Wewe ulishaondoka, Baba Jonah. Ulishaondoka..."

Juu ya nguzo, kile kitu cha manjano kilikuwa kinasikiliza.

"Mami," Mutanu akasema. "Unaongea na nani?"

Mwaitu alimwambia. Hakuficha neno. Alimwambia kuhusu mzaha wangu, kuhusu kuitika, kuhusu siku ya nne. Mutanu alisikiliza amesimama. Mwaitu alipomaliza, Mutanu alinipa mtoto.

"Mpeleke ndani."

"Mutanu..."

"Nimezika watatu, Nzilani. Watatu. Mmoja nilimwona vidole. Huyu haendi kwa sababu wewe umechekacheka na mdudu. Mpeleke ndani!"

Nilimpeleka. Nilisimama mlangoni mwa nyumba kubwa, mtoto amefungwa blanketi kifuani mwangu. Nilimwona akiingia jikoni, akitoka na sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemkia kuogea. Alishika kwa leso mbili. Hakukimbia. Mwaitu alijaribu kusimama mbele yake, Mutanu akampita.

"Kwa jina la Yesu!" Mutanu akapaza sauti, akamwaga.

Mvuke ulipanda. Chura aliruka. Niliona mguu wa nyuma wa kushoto ukining'inia.

Na mtoto akalia.

Kilio cha kwanza tangu Jumatano jioni. Hakikuwa cha njaa. Yeyote aliyewahi kumuunguza mtoto kwa bahati mbaya anakijua. Nilifungua blanketi. Unyayo wa kushoto ulikuwa umeanza kuinuka ngozi. Lengelenge, palepale, mbele ya macho yangu, likijaa maji...

Baadaye nilipima. Hatua kumi na saba kati ya nguzo na mlango niliosimama. Vumbi lote la katikati lilikuwa kavu.

Mutanu aliona mguu ule. Sufuria ikamtoka. Alikaa chini pale pale, kwenye matope ya maji ya moto, akaweka mikono kichwani.

Harufu ya ugoro ilikaa bomani hadi giza lilipoingia.

*

Mwaitu alikuwa na njia moja. Alitueleza tukiwa watatu kitandani, mtoto katikati.

"Wazazi wangu walizika wanne kabla yangu," akasema. "Mimi nilipozaliwa wakaniita Kalondu, jina la kondoo. Wale waliokuja kutafuta mtoto wakakuta kondoo, wakarudi. Kesho alfajiri nitampa huyu jina la mnyama. Chura abaki na la mtu. Watatengana."

"Na baba yake?" Mutanu akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka. Aliyekuwa akikataza hirizi nyumbani mwake sasa alikuwa anauliza utaratibu.

"Jonah lazima akubali kwanza. Mdomo wa baba uko juu ya wangu."

Tulimpigia Jonah. Hakupatikana. Tseikuru mtandao huja na kuondoka. Tulijaribu tena na tena. Mutanu alikamua maziwa kwenye kijiko, akamdondoshea mtoto mdomoni. Yalitoka pembeni.

Alfajiri ya Ijumaa simu iliita yenyewe. Mwaitu alikuwa ameshampakata mtoto, uso ameuelekeza upande wa mlima. Nilipokea, nikaweka sauti kubwa.

"Hello! Mwaitu yuko?" Ng'ombe au mbuzi walikuwa wanalia nyuma yake. "Mwaitu, habari za asubuhi! Mbaluka anaendeleaje?"

Mutanu alimgeukia Mwaitu.

"Hello? Mnanisikia? Mbaluka wangu anaendeleaje?"

"Umesema nani?" Mwaitu akauliza.

"Si mtoto! Mwaitu, nilishindwa kungoja. Juzi Dirie alinichinjia mbuzi hapa. Huyu tajiri wetu wa mifugo. Tukakaa watu kama thelathini, nikasimama mbele yao nikawaambia, leo Mbaluka amerudi nyumbani. Walipiga makofi!" Akacheka. "Dirie akaniambia, rafiki yangu, mbona mapema? Sisi tunangoja siku ya saba. Nikamwambia mimi nimengoja miaka tisa."

"Juzi saa ngapi?"

"Jioni."

"Jonah. Saa ngapi?"

"Jua likizama. Walikuwa wanaadhini magharibi. Kuna kijana amenirekodi, nitawatumia. Mwaitu, mbona unaniuliza kama polisi? Kuna nini?"

Video ilikuja baada ya dakika kumi, vipande vipande. Jonah amesimama, amenenepa kwa furaha, glasi ya chai mkononi. Niliitazama saa aliyorekodiwa. Niliitazama picha yangu ya kwanza ya chura.

Dakika moja. Dakika ileile.

Mwaitu hakutaka kuona simu. Alimrudisha mtoto kwa mama yake.

"Mdomo wa baba umeshasema," akasema. "Sina jina la kumpa. Analo. Na yule kule analo. Wote wawili wamepewa na watu wenye haki, kabla ya siku."

"Kwa hiyo?" Mutanu akauliza.

"Kwa hiyo ni mtu mmoja mahali pawili."

"Na yule akifa?"

Mwaitu alitoka nje. Tulimsikia akifungua bomba la tangi. Kisha tukamsikia akimwaga maji chini ya mgomba, taratibu, kikombe kwa kikombe, na sauti yake ya chini ikiita, ikibembeleza, ikiita tena.

Jua lilipotokeza, mtoto aligeuza kichwa, akatafuta titi, akanyonya.

*

Tulikwenda Wote asubuhi hiyo hiyo. Walimweka chini ya taa siku tano. Daktari alisema manjano yalikuwa yamepanda lakini si ya kutisha, na lengelenge la mguuni ni maambukizi ya ngozi ambayo watoto wachanga hupata hospitali. Walimpa dawa. Nilimuuliza kama linaweza kutokea kwa sekunde chache. Alisema wazazi mara nyingi huona kitu kikiwa kimeshaanza muda mrefu.

Inawezekana. Sikuwa nimeutazama unyayo ule tangu asubuhi.

Kila jioni nilimpigia Mwaitu. Sikumuuliza habari nyingine.

"Yuko kwenye mgomba," alisema siku ya kwanza. "Bado manjano. Mguu anauvuta."

Siku ya tatu: "Imepungua."

Siku ya tano, saa mbili baada ya daktari kutuambia twende nyumbani: "Leo ni kijivu."

Nimeandika hapa yale niliyoyaona na waliyoniambia wahusika wenyewe. Sista Abdiya ana maelezo. Daktari ana maelezo. Ben ana maelezo ya rangi mbili kati ya tatu. Nikiyaweka pamoja yanaeleza karibu kila kitu, na kwa miezi kadhaa nilijaribu kuishi ndani ya hayo.

Lakini sikurudi Nairobi.

Mtoto ana miaka miwili na miezi mitano. Anaitwa Mbaluka kwenye cheti na nyumbani. Ni mtundu, anapenda ndizi, anatukana kuku wa jirani. Sisi hatufugi kuku tena. Mwaitu aliwauza wote wiki ile tuliyorudi. Bata pia. Nyoka mmoja aliingia bustanini mwaka jana, na Mutanu, ambaye zamani alipanda juu ya kiti akiona panya, alimkatakata kwa panga hadi nikamshika mkono. Mutanu bado ameokoka. Anaongoza maombi ya akina mama kila Jumatano. Neno chura halitoki mdomoni mwake. Lakini tangi likikauka yeye ndiye anayekwenda kisimani na punda, kilomita nne, na mtungi wa kwanza haupeleki jikoni.

Jonah alirudi mara mbili. Tulimwambia. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alimkuta mtoto mchana wa jua kali, amelala kivulini, akafungua viganja vyake. Hakucheka. Siku hizi anatuma pesa za maji na hakai zaidi ya usiku mmoja.

Agosti iliyopita chura hakuonekana siku mbili. Mbaluka alilala siku hizo mbili. Hakuwa na homa wala malaria, tulimpima. Alilala tu, akipumua kwa mbali, ngozi ikikauka hata tukimpaka mafuta. Tulikagua kila jani. Siku ya pili magharibi Mwaitu alimpata ndani ya mkunjo wa jani la mgomba lililokufa, amejikunja, mwembamba kama ganda. Alimwagia maji kwa kiganja. Nilikuwa ndani. Nilimwona mtoto akifumbua macho, akaomba uji.

Wiki iliyopita nilimpigia Ben. Nilisimama nyuma ya nyumba, mahali penye mtandao. Mutanu alikuwa upande wa pili wa matuta na ndoo yake, mgongo kwangu.

"Hawa vyura wa mitini," nikamuuliza, "wanaishi muda gani?"

"Porini? Mitatu, minne. Akiwa na maji na hakuna wa kumla, tuseme mitano. Hatuna takwimu nzuri. Bado uko na yule?"

"Bado."

"Ulipomwona mara ya kwanza alikuwa mdogo?"

"Angejaa kiganja."

"Basi huyo alikuwa mtu mzima, Nzilani. Utoe miaka miwili hapo, au mitatu, aliyokuwa nayo tayari." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetabasamu, "Mbona unauliza kama ni mgonjwa wako?"

Nilimshukuru nikakata simu.

"Amesema mingapi?" Mutanu akauliza.

Hakugeuka. Sikujua kama alikuwa anasikia, wala kwamba alijua niliyempigia. Ndoo ilikuwa imeinama, maji yakitoka kidogo kidogo kwenye shina la mgomba.

Miaka kumi na minne nimefanya kazi ya kutoa taarifa kama ilivyo.

"Kumi," nikamwambia. "Kumi mingine."

Alisimamisha ndoo. Aliweka mkono kiunoni, na nikaona vidole vyake vikigusana kimoja kimoja na kidole gumba, akihesabu.

"Atakuwa Gredi ya Sita," akasema, akaendelea kumwaga maji.